Kiroba Kisichokuwa na Mlio

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa, nikaanguka, na nikatukanwa na mtu wa serikali, yote kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri kuingia kidato cha kwanza, nina miaka kumi na minne na mdomo wa mtu wa arobaini. Leo nina kumi na saba na nimestaafu. Chekeni tu. Ila ninyi wa kidato cha kwanza mliojiunga na klabu ya mazingira kwa sababu mlisikia kuna soda, hebu kaeni niwaeleze kazi ya taka ilivyofanywa enzi zetu. Enzi zetu ni kama mwaka juzi, lakini mwaka juzi nao umeshapita.

Aliyenipeleka kazini ni bibi yangu, mama yake mama. Kikundi chake cha usafi, wamama wanane na dereva mmoja wa guta, kilipewa mitaa mitatu nyuma ya Mwanjelwa, hapa Mbeya. Guta, kama hamjui, ni pikipiki ya matairi matatu yenye tenga la chuma nyuma. Kazini bibi hakuitwa bibi. Aliitwa Mwenyekiti, hata na mimi. Siku ya kwanza nilimwita bibi mbele ya watu akaniangalia kama kapita mbwa anayeongea.

Nikapangiwa ghuba. Ghuba ni kile kizimba cha matofali ambako taka za mitaa yote hukusanywa kusubiri gari la kwenda dampo. Kazi yangu ilikuwa kusukuma taka ndani kwa reki zisimwagike barabarani. Hakuna aliyeniambia kuhusu supu. Supu ni maji yanayotoka kwenye taka zilizooza, meusi, yanateleza kuliko mlenda. Nilikanyaga, nikaondoka na miguu yote miwili, nikakaa.

Hapo ndipo Bwana Afya alipofika kukagua, na mwavuli wake, na viatu vinavyong'aa.

"Huyu mtoto ni wa nani?"

"Mjukuu wangu, Bwana Afya," bibi akajibu. "Anajifunza kazi."

"Mbona mimi naona anaogelea?"

Wamama wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Na mimi nikainuka, nikajipangusa, nikamwambia maji ni ya moto, karibu. Akaniita mjinga. Wamama wakacheka mara ya pili, na mara hiyo walinicheka vizuri. Nikajua nimepata ajira.

Mambo ya zamani zaidi nilisimuliwa na bibi tukisubiri gari. Anasema alipoolewa kuja mjini kila nyumba ilikuwa na shimo lake uani. Maganda ya ndizi yalikwenda kwa nguruwe, majivu kwenye bustani, na shimo likijaa unalifukia, unapanda mgomba juu, unachimba lingine. Kisha watu wakajaa, nyua zikajengwa vyumba vya wapangaji, na mifuko ya plastiki ikaingia, kitu ambacho nguruwe hali na mgomba hauli. Taka zikahamia mitaroni. Mvua za Mbeya mnazijua: mtaro ukiziba, sebule inakuwa mto. Ndipo yakajengwa maghuba, ndipo vikundi vikaanza. Kabla ya kikundi, bibi aliokota dampo miaka mingi. Sufuria tunayopikia wali nyumbani hadi leo ilitoka huko. Anaisugua kwa mchanga kila Jumamosi kama anaidai kitu.

Baada ya ghuba nilipandishwa cheo, nikawa mtu wa mageti. Hapa ndipo ufundi wa kazi yenyewe ulipokuwa, kwa hiyo sikilizeni.

Watu waliweka taka kwenye viroba, yaani mifuko ya mchele na unga ikiisha, wakaviacha getini. Wengine wangebeba tu, wapite. Kwa kikundi cha bibi ilikuwa mwiko. Ulipofika getini ulisimama, ukapiga hodi, "Hodi taka!", ukasubiri mwenye nyumba aseme chukua. Asiposema, hugusi. Hata kinanuka, hata kina funza wanaokupungia mkono.

"Kiroba kikiwa getini bado kiko nyumbani kwa mtu," bibi alisema. "Akisema chukua, ndiyo kimekuwa taka."

"Na asipokuwepo, Mwenyekiti?"

"Utapita kesho."

"Na kesho asipokuwepo?"

"Utakuwa umejifunza kutembea."

Ukishaambiwa chukua, unakiinua, unakitikisa mara moja karibu na sikio. Vioo vinalia hivi, majivu yanalia vile, mifupa, maganda, kila kitu na mlio wake. Chenye vioo kinakaa pembeni ya tenga kisimkate mtu. Chenye majivu unakishika kwanza kwa mgongo wa kiganja, maana majivu ya moto yameshaunguza guta la kikundi kingine. Baada ya mwezi nilikuwa najua nyumba zote kwa mlio. Nilijua nani anakunywa kwa siri, nani kapata mtoto mchanga, na mwalimu gani anasahihisha mitihani kwa kuitupa.

Nilipokuwa kidato cha pili nilihamishwa kituo. Yaani mama alinipeleka likizo kwa mama mdogo Iringa ili niache kunuka. Nikamaliza siku mbili nimekaa, siku ya tatu nikajipeleka sokoni kuomba kazi ya kufagia. Msimamizi wa Usafi wa pale alikuwa mzee mmoja anaitwa Mzee Salum, babu zake walitoka pwani wakaja kuuza vitambaa Iringa. Alizungumza Kiswahili kimenyooka mpaka ukiongea naye unajisikia umevaa shati bila vifungo.

Iringa taka zake ni nyanya. Zinapanda kutoka Ilula kwa matenga, na zilizopondeka zinabaki sokoni, nyekundu, zinachemka juani. Na mji wenyewe uko juu ya kilima, toroli likijaa nyanya likakushinda kwenye mteremko, shida si kulipoteza, shida ni utakayemkuta chini. Mimi nililiachia mara moja. Likashuka peke yake, likapita kati ya watu wawili waliokuwa wanasalimiana kamwene, likaenda kumwagia nyanya mlango wa fundi cherehani.

Mzee Salum hakupandisha sauti. Alinisubiri nimalize kufagia na kuomba radhi, akaniita.

"Mwanangu, wewe una mdomo mwepesi na mkono mwepesi. Mdomo sikukatazi, watu wanahitaji kucheka. Huo mkono ndio uutafutie breki."

"Nimeelewa, mzee."

"Hujaelewa. Lakini utaelewa, Inshallah kwa jambo dogo."

Nililiigiza lile neno mbele ya wanafunzi wenzangu muhula mzima, na sauti yake, na kanzu ya shuka. Darasa lilikufa kwa kicheko. Nilikuja kuelewa kweli, na halikuwa kwa jambo dogo.

Nilirudi Mbeya nikafika kidato cha tatu, likizo ya mwezi wa sita, ile baridi inayofanya hata mbuzi wajute. Mtaa wetu wa pili ulikuwa na msiba. Mama Lugano, anayefuma masweta kwa mashine pale kwenye kona, alikuwa amefiwa na mwanawe wa pekee, Lugano, wa miaka mitano. Nimonia. Wiki nzima guta lilipita pale limezimwa injini, linasukumwa, kwa agizo la Mwenyekiti. Jumanne wakaanua matanga, turubai likashushwa, viti vikarudishwa kanisani. Alhamisi ilikuwa zamu ya taka kama kawaida.

Asubuhi hiyo nilikuwa namuigiza Bwana Afya. Mwavuli wangu ulikuwa mpini wa reki, natembea kwa ncha za vidole nakwepa supu ya kufikirika, na dereva wa guta alikuwa amelala juu ya usukani kwa kucheka. Tukafika geti la Mama Lugano. Nje kulikuwa na kiroba cha mchele wa Chimala kimefungwa vizuri kwa kamba ya sufu. Ndani nilisikia watu wanasali, sauti za chini.

Sikupiga hodi.

Nikiulizwa husema niliona haya kuwapigia watu kelele za taka wakisali. Ni kweli kidogo. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa katikati ya kichekesho na sikutaka kipoe. Nikakiinua. Kilikuwa chepesi. Nikakitikisa sikioni kwa mbwembwe, mwavuli wangu bado kwapani, na hakikulia chochote. Nguo hazina mlio.

"Hii nyumba wanatupa mawingu," nikamwambia dereva.

Akacheka. Nikakirusha ndani ya tenga.

Saa saba mchana tuko ghubani tunanawa, akaja mama mmoja anakimbia peku, kitenge kimelegea. Alikuwa dada wa marehemu baba yake Lugano, shangazi wa mtoto. Alikuwa ameweka kiroba getini asubuhi, akarudi ndani kusali sala ya safari na wifi yake, bajaji ilikuwa inakuja kumpeleka stendi kwa safari ya Tukuyu; alipotoka hakukikuta, akazunguka mitaa kututafuta. Ndani ya kiroba kulikuwa na nguo za Lugano. Zote. Zilifuliwa na kupigwa pasi, azipeleke kwao zikagawiwe kwa watoto wa ukoo, ndivyo wanavyofanya.

"Mlikichukua nyie?" aliuliza. "Niambieni mmekiweka mahali."

Gari la dampo lilikuwa limeondoka saa sita.

Wamama wakaangaliana. Bibi hakuwaangalia wao, aliniangalia mimi. "Nani alisema chukua?"

Nilikuwa na jibu la kila kitu tangu nizaliwe. Siku hiyo nilisema tu, "Hakuna."

Tulikwenda dampo mimi na bibi kwa bajaji. Dampo ni bonde pana, moshi unatoka ardhini wenyewe bila moto kuonekana, na ndege wakubwa weusi wanatembea kama wajumbe wa kikao. Waokotaji walimkumbuka bibi. Wakaacha mafurushi yao ya chupa wakaja kumsalimia, shikamoo mama, ndaga mama, yaani asante kwa Kinyakyusa. Akawaeleza. Kiroba kilikuwa kimeshafunguliwa na kugawanwa.

Sasa muelewe. Dampo lina sheria yake: kilichomwagwa na gari ni cha aliyekiona wa kwanza. Sheria hiyo iliwekwa na bibi mwenyewe, zamani, watu walipokuwa wanachomana ndoano kwa ajili ya kipande cha bati. Hakuna aliyelazimika kumrudishia hata kifungo. Lakini walirudisha. Mmoja kaptula mbili, mwingine shati la kanisani, mwingine soksi na suruali. Mwanamume mmoja alitoa fulana aliyokuwa ameshaifunga kichwani kuzuia vumbi, akaikung'uta, akaikunja kama mtu wa dukani.

"Kuna sweta," bibi alisema, kama shangazi alivyomweleza. "La bluu. Lina mfuko mbele, kwenye mfuko kuna bata wa njano."

Watu wakaangalia chini.

Bata alikuwa hatua kumi kutoka tuliposimama. Alikuwa kwenye tumbo la mtoto mdogo wa kike aliyekaa juu ya tairi, anakula muwa, kamasi zimegandana, anakohoa. Mikono ya sweta ilimfunika vidole. Mama yake, Mama Shani, alikuja akasimama kati yetu na mtoto.

"Hilo siwezi, mama."

"Mwenye nalo amefiwa, Mama Shani," bibi akasema.

"Nimesikia. Pole yake, na Mungu ananiona. Ila huyu usiku wa jana alitetemeka mpaka nikamfunga kwenye kiroba. Na sheria uliniambia wewe, nilipofika hapa sijui mtu. Uliniambia ukikiona ni chako, asikunyang'anye hata mwenyekiti."

Mimi, kwa ule mkono wangu mwepesi, nikapiga hatua kumfuata yule mtoto. Bibi alinishika kola ya sweta langu mwenyewe akanirudisha. Akamtazama Shani akikohoa. Kisha akasema, "Mfunge vifungo vya juu, kifua kiko wazi," akageuka, tukaondoka.

Nguo tulizifua sisi, nikazipiga pasi mimi, pasi ya mkaa, na hakuna aliyenisaidia. Jumamosi mchana tukampelekea Mama Lugano. Alikuwa amekaa nyuma ya mashine yake ya kufumia, haina uzi. Akapokea zile nguo, akazipanga mapajani moja moja, akizitaja kimoyomoyo. Akafika mwisho.

"Sweta la bata?"

Bibi akamweleza. Hakuficha kitu, hakunitetea, na hakuniweka mbele ajifiche nyuma yangu. Alisema kikundi chake kiliinua kiroba bila kuambiwa chukua, sweta limevaliwa na mtoto wa dampo, na yeye ameshindwa kumvua.

Mama Lugano aliuliza swali moja, na aliniuliza mimi.

"Linamtosha?"

"Mikono mirefu kidogo, mama."

Akaitikia kwa kichwa. "Hata yeye ilikuwa mirefu. Nililifuma kubwa ili alikulie."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Hakutufukuza. Hakusema amesamehe, hakusema lichukueni, hakusema lirudisheni. Tulikaa pale kibarazani tukisubiri neno mpaka kivuli cha ukuta kikatufikia miguuni, halafu bibi akasema twende.

Jumatatu asubuhi kikundi kilikaa kikao ghubani. Bibi aliniambia nivue glovu.

"Mwenyekiti, ni mtoto," dereva alijaribu. "Na ni mjukuu wako."

"Ndiyo maana."

Nikavua glovu, nikaziweka juu ya reki, nikavua na koti la kung'aa. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, kwamba nadai saa ya ukutani na cheti kama wastaafu wengine. Nikameza. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Bibi naye hakukaa sana. Mwaka uliofuata ulianza utaratibu mpya, gari kubwa la kisasa linalokandamiza taka lenyewe kwa mashine, linapiga honi mtaani, kila mtu atoke na kiroba chake akatupe. Ni usafi, siwezi kusema uongo. Maghuba yamevunjwa, supu imekauka, mtaro wetu unapitisha maji. Kikundi hakikufukuzwa na mtu. Kilikosa tu cha kufanya, wamama wakaenda kuuza ndizi. Bibi sasa ana kifua, anakaa uani na sufuria yake. Lile gari halipigi hodi kwa mtu. Wavulana wanaoning'inia nyuma wanarusha chochote kilichosimama getini, mradi honi imelia. Nawaangalia mikono yao, yangu naitia mfukoni.

Kwa hiyo mkiniuliza kazi hii ilinifundisha nini, mimi si mzee wa kutoa wosia, nina mtihani wa hesabu Jumatano. Nitawaambia tu lililotokea mwezi uliopita.

Mama Lugano haachi kitu getini siku hizi. Honi ikilia anatoka na kiroba amekikumbatia, anakifungua mbele ya gari, anaangalia ndani, ndipo anakimwaga kwa mkono wake. Wavulana wa gari wanamwita mama ukaguzi. Mimi nikipita kwenda shule namwamkia shikamoo, anaitika marahaba, basi. Mwaka mzima na zaidi, marahaba na basi.

Alhamisi hiyo gari lilikuwa limeshaondoka, na yeye bado amesimama getini. Mkononi alikuwa na kiroba kidogo cha mchele, kimefungwa kwa kamba ya sufu.

"Atupele."

Sikujua kama analijua jina langu. "Abee, mama."

"Yule mtoto bado yupo kule?"

"Yupo. Bibi hunituma kwa mama yake. Ameanza chekechea."

"Basi lile limeshambana." Akakinyoosha kiroba kwangu. "Mikono nimeiongeza. Bata nimesahau nilivyomfanya, huyu amekuwa kama kuku."

Kilikuwa mbele ya uso wangu kabisa. Mikono yangu nikaiweka nyuma, nikaishikilia.

"Mbona hupokei? Unasubiri nini?"

"Useme, mama."

Alinitazama. Macho yake yakajaa, akayaacha yajae, hakuyafuta. Upande wa pili wa barabara mtu alikuwa anafungua kibanda chake, bati linalia.

"Chukua," alisema.

Nikapokea kwa mikono miwili. Kilikuwa chepesi kama kile cha kwanza. Nikakibeba mpaka dampo bila kukitikisa.